Raba za Kukimbilia: Mguu wa Nani Uliopimwa?



Mwezi uliopita alinijia bi harusi mtarajiwa kujaribu gauni lake mara ya pili. Mara ya pili kwa kawaida kazi yangu ni kiuno na pindo tu. Huyu alipopanda juu ya kigoda nimpime pindo, nikaona upande mmoja umeshuka. Moyo ukanipasuka, nikajua nimekata vibaya. Nikatoa futi kamba nikapima tena, gauni liko sawa. Aliyesimama upande ni mwenyewe.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, una nini?" Akacheka kwa haya. Kila alfajiri baada ya sala anakwenda Maisara na wenzake kukimbia, anataka gauni limkae. Vidole vinamuuma, kucha mbili zimeshakuwa nyeusi, na harusi ina wiki tano.

Nikamwambia aniletee hizo raba. Mashallah, zilikuwa nzuri, soli nene kama boflo lakini nyepesi, ukizishika hudhani umebeba kitu. Mchumba wake yuko Muscat, ndiye aliyezitia kwenye sanduku la zawadi. Alimuuliza namba ya mguu kwa simu, naye akasoma kibandiko ndani ya raba zake za mtumba, akamjibu nane. Nane ile ilikuwa ya kike, ya vipimo vya Kimarekani. Bwana akaenda dukani akanunua nane ya kiume. Kwa vipimo vya Kimarekani nane ya kiume ni sawa na tisa na nusu ya kike. Na juu ya hilo, zilikuwa raba za mashindano, si za mazoezi. Kampuni sitaitaja, maana kampuni haina kosa hapo.

Nilipomueleza akanitazama akasema, "Da fundi, kwani raba si raba?"

Mimi ni fundi cherehani, sikusomea michezo. Nina kidato cha nne na kozi yangu ya ushonaji. Lakini kiatu nacho ni kitu kinachokatwa na kushonwa kwa kipimo cha mtu, na swali lile lilinikaa. Nikaanza kusoma usiku baada ya kufunga duka, na kadiri nilivyosoma nikaona kwamba habari ya raba za kukimbilia ni habari ya mguu wa nani ulipimwa na wa nani ulisahauliwa.

Tuanzie Ujerumani, mji mdogo wa Herzogenaurach, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kijana Adolf Dassler, nyumbani wakimwita Adi, alirudi kutoka jeshini akaanza kushona viatu katika chumba ambacho mama yake alikuwa akifulia nguo za watu. (Biashara ngapi zimeanzia kwenye chumba cha mama, na jina la mama halipo kwenye kibao!) Mwaka 1924 yeye na kaka yake Rudolf wakafungua kampuni ya ndugu wawili. Walishona viatu vyepesi vya ngozi vyenye misumari chini ya soli, kwa sababu viwanja vya mbio vya wakati ule vilikuwa vya udongo na majivu ya makaa. Bila misumari unateleza.

Wanaosimulia habari za ndugu hawa huanza na Jesse Owens, Mmarekani mweusi aliyechukua dhahabu nne Berlin mwaka 1936 akiwa na viatu vyao. Mimi narudi nyuma miaka minane. Olimpiki ya Amsterdam ya 1928 ndiyo ya kwanza kuwaruhusu wanawake kwenye riadha, na mbio ndefu kuliko zote walizopewa ilikuwa mita 800. Aliyeshinda ni Mjerumani, Lina Radke, kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Miguuni alikuwa na viatu vya akina Dassler. Kabla ya Owens, aliyewatoa kimasomaso ndugu wale alikuwa mwanamke.

Basi akalipwa nini? Magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka hoi mwisho wa mbio, kwamba maumbile yao hayawezi. Mita 800 za wanawake zikaondolewa, na hazikurudi Olimpiki mpaka 1960. Ni miaka 32 hiyo. Nimeitaja kwa makusudi, maana inaeleza mengi yanayofuata: fundi hamshonei mteja aliyezuiwa mlangoni. Miaka yote ile viatu vya mbio ndefu vilipozidi kutengenezwa, mguu uliowekwa mezani kupimwa ulikuwa wa mwanamume.

Ndugu wenyewe waligombana. Walikuwa wakiishi nyumba moja na wake zao na watoto, na vita vilipokwisha hawakuweza hata kusemezana. Mwaka 1948 wakagawana kila kitu. Rudolf akavuka mto akafungua Puma, na Adi akaunganisha jina lake na mwanzo wa ukoo wake ikawa Adidas, iliyosajiliwa 1949. Mji ukagawika pia, mtu akikutana na mtu anatazama kwanza miguu. Ugomvi wa ndugu ule ndio uliofanya kampuni zianze kuwafukuzia wakimbiaji, kila moja ikitaka mshindi avae chake.

Mwaka huo huo wa 1949, mjini Kobe, Japani, Kihachiro Onitsuka alianzisha kampuni yake. Kisa chake nitakisimulia kwa sababu sisi watu wa pwani tutakifurahia. Alikuwa akihangaika na viatu vya mpira wa kikapu vinavyoteleza. Siku moja mezani amewekewa kachumbari ya tango na pweza. Akautazama mkono wa pweza, vile vikombe vinavyonata, akapata jibu la soli. Sisi pweza tunamla kila siku Forodhani na hajatupa wazo hata moja! Baadaye Onitsuka akageukia marathoni, akatengeneza kiatu chenye matundu ya kupitisha hewa ili mguu usipate malengelenge. Kampuni hiyo ndiyo leo tunaiita Asics, jina ililolichukua 1977.

Hapo ndipo anapoingia Mwafrika. Roma, 1960, Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme wa Ethiopia, alijaribu viatu alivyopewa, vikambana. Akavivua. Akakimbia kilomita 42 peku juu ya mawe ya Roma usiku, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata alipokwenda Japani, Onitsuka alimfuata akambembeleza avae viatu vyake, na Bikila akavaa, akashinda. Mwaka 1964 Tokyo akatwaa dhahabu ya pili, saa 2, dakika 12 na sekunde 11, safari hii akiwa na Puma.

Watu hukitumia kisa cha Roma kusema kwamba kiatu si kitu. Mimi kama fundi nakisoma vingine. Bikila alikuwa na viatu mkononi, vilimkataa mguu. Kiatu kisichokukaa, peku ni bora kuliko hicho.

Sasa Marekani. Phil Knight alikwenda Japani 1962 akiwa kijana tu, akaomba kuuza viatu vya Onitsuka kwao. Mwaka 1964 yeye na kocha wake wa zamani, Bill Bowerman, kila mmoja akatoa dola 500, wakaanza. Knight alikuwa akiviuza kutoka kwenye buti la gari yake kwenye mashindano ya shule. Wenye biashara mnaosoma hapa, naomba muikumbuke hiyo dola 500. Ilipofika 1971 wakajitenga na Mjapani wakatoka na jina lao, Nike. Alama ile ya mkwaruzo ilichorwa na mwanafunzi wa kike, Carolyn Davidson, akalipwa dola 35. Miaka mingi baadaye walimpa hisa, lakini siku ile ilikuwa dola 35.

Soli iliyowapa jina nayo ina mwanamke nyuma yake. Bowerman alikuwa mezani asubuhi akitazama chuma cha mkewe Barbara cha kuokea waffle, zile keki bapa zenye vijumba vijumba. Akaona vijumba vile vikigeuzwa, vitashika ardhi bila misumari. Mama alipotoka, mzee akamimina mpira wa maji ndani ya chuma, hakupaka kitu cha kuzuia kunata, chuma kikagandana kisifunguke tena. Kilikuwa zawadi ya harusi yao ya mwaka 1936! Mabi harusi, andikeni majina yenu kwenye vyombo vyenu.

Lakini kabla ya soli hiyo, turudi 1966, maana huo mwaka ndio uliobeba habari yangu yote. Bobbi Gibb, msichana wa Boston, aliandika barua kuomba nafasi katika marathoni ya Boston. Akajibiwa kwamba wanawake kimaumbile hawawezi umbali ule. Alikuwa ameshafanya mazoezi miaka miwili, na kwa kuwa raba za kike za kukimbilia hazikuwepo madukani, alikuwa akikimbia na viatu vya ngozi vya manesi. Kwa ajili ya siku ya mbio akanunua raba za kukimbilia za wavulana, namba sita, mpya kabisa. Tarehe 19 Aprili akajificha vichakani karibu na mstari wa kuanzia, amevaa kaptula ya kaka yake na fulana yenye kofia, na wanaume walipopita akaingia katikati yao. Raba za wavulana zikamtoa malengelenge, maili za mwisho alikuwa akikanyaga kama mtu anayekanyaga miba. Hata hivyo alimaliza kwa saa 3, dakika 21 na sekunde 40, akiwa mbele ya zaidi ya nusu ya wanaume. Boston iliwafungulia wanawake mlango rasmi 1972.

Nilipofika hapo nikamkumbuka bi harusi wangu na kucha zake nyeusi. Tofauti ni kwamba Bobbi hakuwa na kingine cha kununua.

Ngoja nieleze kifundi. Kiatu kabla hakijashonwa kinahitaji kalibu, yaani umbo la mguu la mbao au plastiki, kisha ngozi au kitambaa kinavutwa juu yake. Mguu wa mwanamke, kwa kawaida, kisigino chake ni chembamba ukilinganisha na upana wa mbele. Kampuni zilipoanza kuuza raba "za kike", nyingi zilichukua kalibu ya kiume, zikaipunguza, zikatia rangi ya waridi, basi. Mteja akiniletea shati la mumewe nilipunguze liwe lake, najua mapema kifuani patabana na mabegani patapwaya. Ndivyo ilivyokuwa kwa miguu. Kisigino kikicheza, mguu unateleza kwenda mbele, vidole vinagonga, kucha zinakufa.

New Balance ya Boston ilikuwa na akili ya fundi mapema zaidi. Ilianza 1906 ikitengeneza vitu vya kushikilia uvungu wa mguu, si viatu. Ilipotoa raba ya kukimbilia mwaka 1960, iitwayo Trackster, iliitoa kwa upana tofauti tofauti, urefu mmoja lakini mwembamba una chako na mpana una chako. Mpaka leo upana wa kawaida wa kike huandikwa B na wa kiume D. Ukikuta raba ya mtumba imeandikwa D, angalia kwanza kama ni ya kike pana au ya kiume ya kawaida.

Kampuni nyingine zilibadilika wanawake walipokuwa wateja wasioweza kupuuzwa. Mwaka 1984, Los Angeles, ndipo Olimpiki ilipoweka marathoni ya wanawake kwa mara ya kwanza, na Joan Benoit wa Marekani akashinda kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52. Siku tatu baadaye, kwenye uwanja ule ule, Nawal El Moutawakel wa Morocco akashinda mita 400 kuruka viunzi, mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kutoka Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki.

Sasa nilijibu lile swali, kwani raba si raba?

Raba ya mazoezi ni gauni la kushindia. Tangu miaka ya 1970 katikati, kampuni ya Brooks ilipoanza kutumia sponji nyepesi iitwayo EVA, soli za mazoezi zimekuwa za kuvumilia, pana chini, kisigino kimeshikwa imara. Nike wana Pegasus tangu 1983. Asics wana Kayano tangu 1993, iliyokusudiwa mtu ambaye mguu wake unalalia ndani. Brooks wana Ghost, New Balance wana 880 yenye upana wa kuchagua. Wauzaji wengi hukadiria raba ya namna hii kilomita 500 mpaka 800. Ukiniuliza kampuni gani bora kati ya hizo, jibu langu ni lile ninalowapa wanaouliza kitambaa gani bora: nionyeshe mwili kwanza. Mwenye mguu mpana simtumi kwingine kabla hajajaribu New Balance. Mwenye mguu wa kulala atafute Kayano. Mwembamba wa kisigino avae aina tatu afunge kamba mpaka tundu la mwisho, atembee, asikilize kisigino.

Raba ya mashindano ni gauni la harusi. Mwaka 2017 Nike walileta Vaporfly, ndani ina sponji laini inayorudisha nguvu na bamba jembamba la kaboni lililopinda kama kijiko. Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Colorado kwa wakimbiaji 18 ulionyesha kwamba ilipunguza nguvu wanayotumia kwa wastani wa asilimia 4. (Nike ndio waliotoa fedha za utafiti, lakini saa za uwanjani ziliwaunga mkono.) Tarehe 13 Oktoba 2019 Chicago, Brigid Kosgei wa Kenya akakimbia saa 2, dakika 14 na sekunde 4, akavunja rekodi ya Paula Radcliffe iliyodumu miaka 16. Shirikisho la riadha la dunia likashtuka, na Januari 2020 likaweka kipimo: soli isizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu.

Wengine wakafuata. Asics wakatoa Metaspeed, Puma na New Balance wakatoa zao, na Septemba 2023 Berlin, Tigst Assefa wa Ethiopia akashusha rekodi mpaka saa 2, dakika 11 na sekunde 53 akiwa na Adidas yenye uzito wa gramu 138. Bei dola 500, na Adidas wenyewe walisema ni ya kukimbilia marathoni moja pamoja na kuizoea kidogo. Dola 500! Hapa kwetu mtu ananunua cherehani ya umeme na chenji inabaki. Soli yake ni laini na ndefu, ukienda mbio kali inakusukuma, ukienda polepole kama tunavyokwenda sisi inakuyumbisha, na kisigino chake hakikushikwa kama cha mazoezi. Haikushonwa kwa ajili ya mtu anayeanza. Nani anafulia nguo na gauni la harusi?

Mtu wa kumtazama katika haya ni Sifan Hassan, Muislamu mwenzetu mzaliwa wa Ethiopia anayekimbilia Uholanzi. Aprili 2023 alijiandaa na marathoni yake ya kwanza ndani ya Ramadhani huku akifunga, na siku mbili baada ya Idi akashinda London kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 33, licha ya kusimama njiani kunyoosha nyonga. Mwaka 2024 Paris akachukua dhahabu ya Olimpiki, akapanda jukwaani amevaa hijabu. Viatu vya kaboni anavyo, ila vinakuja juu ya maelfu ya kilomita za mazoezi.

Na kwa majirani zetu Kenya ilianzishwa kampuni iitwayo Enda, mmoja wa waanzilishi wake ni mwanamke, Navalayo Osembo. Raba yao ya kwanza waliipa jina la mji wa wakimbiaji, Iten, na ya pili, nzito kidogo kwa mazoezi ya kila siku, Lapatet, yaani kimbia kwa Kikalenjin. Natamani kuishika mkononi niukague mshono.

Kuhusu mtumba, maana wengi wetu ndiko tunakonunua: bonyeza sponji kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama mbao imekufa hata kama juu inang'aa. Weka raba mezani uitazame kwa nyuma, ikiegemea upande, mwenye nayo wa kwanza ameshaipinda kwa mguu wake. Nenda kujaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uache nafasi ya kidole gumba mbele. Na mliojifungua, pimeni upya. Mimba hulegeza kano, na wengi wetu mguu hurefuka na haurudi. Mimi nilikuwa 38, baada ya mtoto wa pili ni 39, na nilivaa 38 mwaka mzima kwa ubishi.

Bi harusi wangu nilikwenda naye Darajani mwenyewe. Tulizunguka tukapata raba ya mazoezi, ya kike, kisigino kimemshika, kwa pesa ndogo kuliko kanzu ya mtoto. Akapumzika wiki moja, kisha akarudi Maisara, kutembea kwanza. Mara ya tatu alipopanda kigoda alisimama sawa, na pindo nikalikata usiku ule ule. Zile za Muscat zimo ndani ya boksi lake. Kaka yake, ambaye nane ya kiume ndiyo yake, ameshazijaribu mara mbili. Mchumba bado hajaambiwa.